Jicho la mama limeingia usaha baada ya kutolewa mtoto wa jicho: tukubali asafishwe?

Swali: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 68 na ana kisukari. Alitolewa mtoto wa jicho la kulia akawekewa lenzi, na kesho yake alikuwa anasoma saa ya ukutani. Siku ya tano jicho likawa jekundu, likamuuma usiku kucha, asubuhi akasema anaona ukungu. Tukarudi hospitalini, wakasema kuna usaha ndani ya jicho. Siku hiyo alikuwa bado anaona mkono ukipungwa. Wakamchoma sindano ya dawa ndani ya jicho. Leo ni siku ya pili tangu achomwe na anatambua mwanga wa tochi tu. Sasa wanataka kumrudisha chumba cha upasuaji "kuondoa ute". Mjomba anasema jicho likikatwa mara mbili ndiyo basi tena, heri awekewe dripu za antibiotiki kali tusubiri wiki. Kaka anauliza, kama kusafisha ndiyo tiba, kwa nini hawakusafisha siku ile ile? Tukubali? Ataona tena? Lenzi itatolewa? Na huu si uzembe?

Jibu: Marahaba. Pole kwa mama, na poleni ninyi mnaomuuguza. Sijaliona jicho lenyewe, nategemea maelezo yako. Kwa maelezo hayo, jicho lililokuwa linaona mkono likashuka hadi kuona mwanga tu siku mbili baada ya sindano ni jicho la kusafishwa, na lisafishwe leo. Kubalini. Mengine nayaeleza hapa chini, ila mpigie mjomba simu kwanza, utarudi kusoma baadaye.

Niseme kwanza ugonjwa uko wapi, maana mabishano mengi ya familia huanzia hapo. Nyuma ya lenzi, jicho limejaa ute mzito unaoangaza, kama ute mbichi wa yai. Ni kiasi cha mililita 4 hivi, na karibu wote ni maji. Hauna mishipa ya damu. Bakteria wakipenya humo wamepata makao mazuri mno: joto, unyevu, chakula, na askari wa mwili wanafika kwa kuchelewa. Nyuma ya ute huo umetandazwa utando mwembamba unaopokea picha, yaani retina. Bakteria wanatoa sumu, mwili nao unamwaga chembe za kupigana nao, na vita yote inapiganwa juu ya utando huo. Ndiyo maana tunahesabu saa. Retina ikifa haichipui tena. Sisi madaktari tunaliita tatizo hili endofthalmitisi.

Dripu za mjomba zinakwama hapo. Mishipa ya damu ya jicho ina ukuta unaochuja vitu vingi vilivyomo katika damu visiingie ndani. Ukuta huo hutulinda siku zote, lakini siku ya maambukizi unazizuia dawa pia. Unaweza kumjaza mgonjwa antibiotiki za mshipani, figo zikalemewa, na ndani ya jicho dawa ikawa haitoshi kuua kitu. Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wagonjwa 420 waliopata tatizo hili hili la mama, wengi wao baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Nusu walipewa dawa za mshipani juu ya zile za ndani ya jicho, nusu hawakupewa. Mwisho wa safari hapakuwa na tofauti katika kuona. Tangu hapo tiba kuu ni sindano inayopeleka dawa ndani kabisa. Baadhi yetu bado huongeza vidonge vya aina inayopenya jicho vizuri zaidi, mimi mmojawapo, lakini ni nyongeza tu.

Sindano aliyochomwa mama kwa kawaida huwa na dawa mbili: vankomisini miligramu 1, na seftazidimu miligramu 2.25, kila moja katika sehemu moja ya kumi ya mililita. Ya kwanza inawalenga bakteria wa jamii ya stafilokoka na streptokoka, ya pili inawalenga wale wengine. Kabla ya kuchoma huvutwa ute kidogo upelekwe maabara. Nawasihi muulize majibu ya maabara. Jina la mdudu lina uzito mkubwa katika swali lako la "ataona tena?", na nitalirudia.

Sasa swali la kaka, ambalo ni zuri kuliko anavyodhani, kwa sababu hata sisi wenyewe tunabishana juu yake. Utafiti ule wa 1995 uliuliza swali lake hasa: tusafishe siku ya kwanza, au tuchome sindano tu? Jibu liligawanyika kulingana na jicho linaona nini siku ya kufika. Waliofika wakiwa bado wanaona mkono ukipungwa au zaidi ya hapo, kusafishwa mara moja hakukuwapa faida kuliko sindano. Waliofika wakiona mwanga tu ndio upasuaji uliowaokoa: asilimia 33 ya waliosafishwa walirudi kusoma mstari wa 6/12 wa chati ya macho au bora zaidi, yaani macho ya kutosha kusoma gazeti, wakati waliopata sindano peke yake walikuwa asilimia 11. Na walioishia na jicho lisilo na kazi yoyote ya maana walikuwa asilimia 20 kwa waliosafishwa, asilimia 47 kwa wasiosafishwa.

Kwa hiyo mama alipofika akiona mkono, waliomchoma sindano wakasubiri walifuata njia inayojulikana dunia nzima. Hawakubahatisha. Na leo, akiona mwanga tu, wanafuata njia ile ile wanaposema asafishwe. Hawajabadilisha mawazo; jicho ndilo lililobadilika.

Niongeze la pembeni. Katika utafiti ule, kupunga mkono kulipimwa kwa utaratibu: mkono umbali wa sentimita 60 hivi, mwanga ukitokea nyuma ya mgonjwa, na mgonjwa apatie mara nyingi si mara moja. Wodini mara nyingi tunapunga mkono mbele ya uso, mgonjwa anaona kivuli kikipita kwenye mwanga wa dirisha, anasema "naona", nasi tunaandika kuwa anaona mkono. Tofauti hiyo ndogo ya kupima inaweza kumpeleka mtu kwenye tiba nyingine kabisa. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa mama. Nasema tu kwamba ninapoitwa kuona mgonjwa wa namna hii, hupima mwenyewe upya hata kama faili limeshaandikwa.

Wapo pia mabingwa wanaosema kigezo kile cha 1995 kimezeeka. Vifaa vya wakati ule vilikuwa vinene, darubini hazikuwa hizi, na katika jicho lenye usaha daktari alijizuia asiende mbali. Leo tunaingia kwa vitundu vya nusu milimita hivi. Ferenc Kuhn na Giampaolo Gini walitoa hoja mwaka 2005 kwamba tusafishe mapema na kikamilifu, tusingoje jicho lifike kwenye mwanga tu. Mimi nimesimama katikati. Jicho linaloona mkono na ambalo bado ninaona wekundu wa retina kwa nyuma, nalichoma sindano na kulitazama tena baada ya saa chache, kisha asubuhi. Jicho ambalo nyuma pameziba kabisa, au linaloporomoka huku nalitazama, silingojei. Na mgonjwa wa kisukari namharakisha zaidi: katika utafiti ule wenye kisukari walielekea kufaidika na kusafishwa hata walipofika wakiona mkono, ingawa idadi yao ilikuwa ndogo mno kuthibitisha. Kama kaka angekuja kwangu siku ile ya kwanza akasema "safisha", huenda tungeelewana. Lakini aliyechagua sindano kwanza hakukosea.

Jambo moja la kupima kwa busara: saa 24 za kwanza baada ya sindano, jicho linaweza kuonekana baya zaidi kuliko mwanzo hata kama dawa inafanya kazi, kwa sababu bakteria wanaokufa wanamwaga vitu vinavyochochea uvimbe. Ndiyo maana hatuhukumu kesho yake asubuhi. Tunahukumu kuanzia saa ya 36 hadi ya 48. Maumivu yakiwa yamepungua na usaha ule mweupe uliotuama chini mbele ya mboni umeanza kunywea, tunaendelea kungoja, au tunarudia sindano. Mama amefika saa hizo na ameshuka. Kungoja wiki, kama anavyotaka mjomba, ni kuwaachia wadudu uwanja.

Upasuaji wenyewe huitwa vitrektomi. Si jipya, Robert Machemer alianza kuufanya Miami karibu na 1970, na sasa hufanywa kila siku kwa magonjwa mengi ya retina. Kwa mama, tatizo la kwanza litakuwa ganzi. Jicho lenye uvimbe mkali halishiki ganzi vizuri, kwa hiyo msishangae wakisema wanamlaza kabisa kwa nusu kaputi. Watapima sukari na presha kabla. Sukari ikiwa juu itashushwa, ila sukari isiyo nzuri sana haitoshi kuahirisha kazi hii, na kama mtu anawaambia mrudi baada ya wiki sukari ikitulia, ombeni daktari wa macho na wa usingizi wazungumze ana kwa ana.

Chumbani humo vitatobolewa vitundu vitatu kwenye weupe wa jicho, milimita 3.5 kutoka ukingo wa ile duara nyeusi, mahali ambapo retina haijaanza. Kimoja kinaingiza maji ili jicho lisinywee, cha pili kinaingiza taa, cha tatu kifaa kinachokata ute na kuunyonya, kikikata mara elfu kadhaa kwa dakika. Kabla ya kufungulia maji, huvutwa ute mtupu usiochanganyika, uende maabara; hiyo ndiyo sampuli bora kuliko zote. Kisha husafishwa mbele: usaha unaoshwa, na ule utando wa uvimbe uliogandamana juu ya mboni na lenzi unashikwa kwa koleo nyembamba na kubanduliwa. Ukiwahi kubandua ngozi ya maziwa yaliyopoa, ni hivyo hivyo, isipokuwa hapa inabanduka juu ya kitu usichotaka kukigusa.

Nyuma ndiko kwenye hatari. Ute umekuwa kama uji, na retina iliyo chini yake imevimba na kulegea kama karatasi iliyolowa. Ukivuta kwa nguvu inachanika, na retina iliyochanika katika jicho lenye usaha ni msiba juu ya msiba. Kwa hiyo daktari anatoa kile anachoweza kukiona na kukifikia, anasafisha katikati, na anajua pa kuishia. Ukimsikia akisema "nimetoa sehemu kubwa, si yote", usidhani kazi imeshindikana. Nimejifunza kuwaogopa wasafishaji wanaojisifu kutobakiza kitu. Mara nyingine kioo cha mbele, konea, kimekuwa cheupe kiasi kwamba nyuma hapaonekani. Hapo hutumika kamera nyembamba inayoingizwa ndani, kama ipo, au daktari anasafisha mbele tu na kiasi kidogo cha nyuma, anachoma dawa na kutoka. Mwisho wa kazi antibiotiki huchomwa tena ndani.

Faida yake si dawa hiyo peke yake. Umeondoa wadudu kwa wingi wao, sumu yao, na ute wanaokaa ndani yake. Umepata sampuli nzuri. Na dawa utakayoiacha sasa inasambaa katika maji badala ya kuhangaika ndani ya uji. Hii ndiyo maana neno la mjomba, "jicho likikatwa mara mbili ndiyo basi", halisimami. Macho yaliyofanyiwa vitrektomi yanapotea, ndiyo, lakini linaloyapoteza ni maambukizi yaliyowahi kuiharibu retina kabla ya mkasi kufika. Watu huona upasuaji kisha upofu, wanaunganisha viwili hivyo.

Lenzi? Kwa maambukizi ya ghafla kama haya, ndani ya wiki sita za upasuaji, lenzi huachwa. Haihitajiki kutolewa ili jicho lipone. Daktari anaweza kufungua tundu katikati ya kile kifuko kinachoishikilia ili nyuma na mbele viwasiliane na dawa izunguke. Lenzi hutolewa zaidi katika aina nyingine ya ugonjwa huu, ile inayonyemelea: jicho linakuwa na uvimbe usioisha miezi kadhaa baada ya upasuaji, linatulia kwa matone, linarudi. Huko bakteria wapole, hasa yule anayeishi kwenye ngozi na kuhusika na chunusi, wamejificha ndani ya kifuko pamoja na lenzi, na bila kutoa kifuko, pengine na lenzi yenyewe, hawatokomei. Fangasi nao huweza kutulazimisha hivyo. Hali ya mama si hiyo.

Ataona tena? Hapa ndipo jina la mdudu linaporudi. Katika utafiti ule wa wagonjwa 420, maabara ilipata wadudu kwa asilimia 69 tu, kwa hiyo jibu la "hakuna kilichoota" halimaanishi hapakuwa na maambukizi. Waliokuwa na stafilokoka wa kawaida wa ngozi, ambao ndio wengi kabisa, asilimia 84 walirudi kuona mstari wa 6/30 au zaidi, yaani kutembea, kutambua nyuso, kujihudumia. Waliokuwa na stafilokoka aureus ni asilimia 50. Waliokuwa na streptokoka ni 30 tu. Mdudu mkali huanza mapema, siku ya pili au ya tatu, na huliporomosha jicho haraka. Mama alianza siku ya tano, na hiyo ni ishara njema kidogo. Kushuka kwake licha ya dawa ni ishara mbaya kidogo. Siwezi kukupa namba ya mama. Ninachoweza kukwambia ni kwamba kuona mwanga, tena akijua tochi inatoka upande gani, ni mtaji wa kufanyia kazi. Jicho lisiloona hata mwanga ndilo tunaloingia nalo tukiwa wanyonge.

Na msimuulize kesho yake asubuhi "unaona?" Ataona giza na matope, kwa uvimbe, damu kidogo na dawa. Kuona kunarudi kwa wiki, mara nyingine kwa miezi. Utafiti ule ulipima matokeo ya mwisho baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, na si bila sababu. Wiki za kwanza kutakuwa na matone mengi, ya antibiotiki na ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), pengine kila saa, na tone la kuitanua mboni. Mkizembea matone mmepunguza thamani ya upasuaji. Steroidi zikipandisha presha ya jicho zitarekebishwa, na akipewa za vidonge sukari itapanda, mjiandae kuipima mara kwa mara. Akisema anaona kama pazia linashuka upande mmoja, au mimweko ya mwanga, mrudisheni siku hiyo hiyo: retina inaweza kuachia hata wiki kadhaa baada ya jicho kutulia. Ikiwa daktari ameacha hewa ya gesi ndani ya jicho, atawaambia mama alaleje, na asipande ndege hadi gesi iishe.

Kuna swali ambalo hukuliuliza lakini kila familia huliwaza usiku: watalitoa jicho? Hilo hufikiriwa pale jicho lisipoona hata mwanga, linauma, na usaha umetoka nje ya jicho hadi nyama za kando. Kwa jicho linaloona tochi, mtu akianza na mazungumzo hayo, tafuteni daktari wa pili.

Uzembe sasa. Naelewa hasira. Mama aliingia anaona ukungu, akatoka anaona saa, na sasa yuko gizani. Lakini maambukizi haya hutokea hata kwa madaktari waangalifu, kwa wagonjwa wachache, mara nyingi chini ya mmoja kwa kila elfu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 1991 ulionyesha kwamba mara nyingi wadudu wanaokutwa ndani ya jicho ni wale wale wa kope, ngozi ya jicho au pua ya mgonjwa mwenyewe. Kinga zinazojulikana ni kuoshwa jicho kwa dawa ya kuua vijidudu, povidoni ayodini, kabla ya kisu, na antibiotiki inayoachwa ndani ya jicho mwisho wa upasuaji. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba sefuroksimu iliyochomwa hivyo ilipunguza hatari kiasi cha mara tano. Baada ya mambo kutulia mna haki ya kuuliza kama hayo mawili yalifanyika. Ulizeni pia kama kuna mwingine aliyefanyiwa siku ile ile akapata tatizo hili. Mgonjwa mmoja ni bahati mbaya mara nyingi; watatu wa siku moja maana yake kuna maji, kifaa au dawa iliyochafuka, na hospitali inapaswa kusimamisha chumba na kuchunguza. Ila maswali hayo yaulizwe wiki ijayo. Leo daktari anayetiliwa shaka na daktari mwenye jibu la maabara mkononi huenda ni mtu mmoja, na mnamhitaji awe na akili tulivu saa mbili zijazo.

Kabla mama hajaingizwa chumbani, ulizeni mambo matatu mkisaini: nani anafanya, na je amezoea upasuaji wa retina au ni wa mtoto wa jicho tu; kama hajazoea, je kuna mahali pa kumfikisha leo, si kesho kutwa; na je sindano ya dawa itarudiwa kabla ya safari kama ni ya mbali. Jicho haliwezi kusubiri kitanda kipatikane bila dawa ndani yake.

Kuhusu jicho la kushoto, maambukizi haya hayahami kutoka jicho moja kwenda jingine, kwa hiyo alitumie bila woga. Kama nalo lina mtoto wa jicho, lisiguswe hadi la kulia limetulia kabisa. Siku ikifika, daktari atakayelifanya aambiwe yote yaliyotokea na jina la mdudu, kope zikaguliwe na kutibiwa kama zina uvimbe, sukari iwe imeshuka, na antibiotiki ya kuachwa ndani ya jicho iwe imeshawekwa mezani kabla hajalala.